Onyo la Kumi na Nne

Njia ya kwenda Ukaguzini sitaieleza. Aliyewahi kwenda anaijua, na asiyekwenda hajakosa kitu. Nitaanzia Pambizoni, mji wao mkuu, ambako niliingia asubuhi ya siku ya soko nikakuta watu wanazika taa.

Ilikuwa taa ya chemli, chimni yake nyeusi kwa moshi, imeviringishwa kitambaa cheupe. Mwanamume aliyeibeba alikuwa na huzuni ya kadiri, kama anayemzika jirani wa mtaa wa pili. Kaburi lilikuwa fupi na limechimbwa vizuri, na mengine kama hilo yalienea mpaka mwisho wa uwanja. Mama mmoja aliyesimama karibu nami, kapu la vitumbua mkononi, aliona nimeduwaa.

"Ilikuwa inatoa moshi," akaninong'oneza.

"Haikuweza kusafishwa?"

"Ukuta unasema izikwe." Akanitazama vizuri, akaona mzigo wangu. "Wewe mgeni. Umekula?"

Ndivyo nilivyomfahamu Bi. Zuwena. Siku hiyohiyo alinipeleka kwake, akaniweka katika chumba cha uani kilichokuwa wazi, na mumewe, Bwana Faki, seremala mrefu asiyependa maneno mengi, akanitengenezea mguu wa kitanda uliokuwa umelegea. Mimi naitwa Mwanjaa. Kwetu kazi yangu ni kusoma vitabu kabla havijachapwa, nikitafuta herufi zilizokaa pabaya. Nataja kazi yangu ili msomaji aelewe kwa nini nilisimama mbele ya ule ukuta muda mrefu kuliko inavyompasa mgeni.

Katika nchi ya Ukaguzini hakuna chombo cha nyumbani kinachotumika kabla ya kupita mbele ya Mchunguzi. Mchunguzi ni mashine. Ukubwa wake ni kama wa kinu cha kusagia nafaka, imejengwa kwa chuma kitupu penye lango la soko, na katikati yake mna njia ambamo watu hupita na vyombo vyao. Chombo kikiwa kizima, mashine hunyamaza. Kikiwa na kasoro, kengele hulia na sauti kavu hutaja namba ya onyo. Haisemi zaidi. Mafundi walioijenga waliona namba zinatosha.

Lakini namba haimwambii mtu afanye nini, kwa hiyo wazee wa zamani walijenga Ukuta wa Maelezo pembeni mwa mashine, wakaandika kwa rangi nyeusi kila onyo na maana yake. Kila mwaka wachoraji hupitisha rangi mpya juu ya herufi zilezile. Mashine yenyewe haiusomi ukuta; haina macho. Ukuta ni kwa ajili ya watu, na watu wa Ukaguzini hutii kila kilichoandikwa pale kwa moyo safi, jambo ambalo sijaliona mahali pengine.

Onyo la tano lilisema: *Taa inayotoa moshi izikwe.* Nilidhani mwandishi wa kwanza alikusudia izimwe. Onyo la nane lilisema: *Mkate ulioungua wapewe kaka.* Hapo nilidhani alikusudia kuku. Nilimuuliza Bwana Faki, ambaye ni kifungua mimba kwao, kama amewahi kula mkate ulioungua.

"Tangu utoto," akasema. "Unazoea."

Onyo la kumi na nne sikulitilia maanani siku ile. Lilikuwa juu sana, na jua lilinipiga machoni.

Haukupita muda, ukafika msimu wa ukaguzi wa nyumba. Sheria inataka mume na mke wasimame pamoja mbele ya Mchunguzi wakiwa na vyombo vyao vyote, na vyombo vya maji viwe vimejazwa maji. Tulitoka asubuhi, Bwana Faki kabeba masufuria na kinu, Bi. Zuwena kabeba ndoo ya bati kichwani, mimi nimeshika vikombe. Ndoo ilikuwa inavuja. Si sana: tone, kisha kitambo, kisha tone. Bi. Zuwena alikuwa akijifuta shavu njia nzima.

"Faki, hii ndoo ulisema utaiziba."

"Kesho."

"Ulisema kesho juzi."

"Kesho ya juzi haikuwa na nafasi," Bwana Faki akasema, na mkewe akacheka mpaka maji yakazidi kumwagika.

Mbele yetu kwenye foleni walikuwapo mume na mke waliokuwa wakitukanana bila kupumzika. Mke alimwambia mume kwamba hata punda wa baba yake alikuwa na shukrani kuliko yeye. Mume alimwambia mke kwamba angejua angemwoa punda. Ndoo yao ilikuwa mpya, ya plastiki, rangi ya buluu. Walipita mbele ya Mchunguzi, mashine ikanyamaza, na karani wa lango akawapa mkono wa heri.

Tukapita sisi. Kengele ikalia. "Onyo la kumi na nne," ikasema sauti.

Mwanamke mmoja kwenye foleni akajishika kifuani. Karani alivua kofia yake, akautazama ukuta kwa sababu sheria inamtaka autazame hata kama anaujua kwa moyo, akasoma kwa sauti ya chini:

"Ndoa inayovuja isirudishwe nyumbani mpaka izibwe."

Bi. Zuwena alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu halikujua pa kwenda. Bwana Faki aliweka kinu chini.

"Inavuja wapi?" akauliza.

"Sisi hatujui, ndugu yangu," karani akasema kwa huruma. "Idara ndiyo itatafuta."

Wakachukuliwa. Bwana Faki akapelekwa upande wa wanaume wa Bweni la Kuzibia, mkewe upande wa wanawake, na ndoo ikapelekwa ghalani pamoja na vyombo vingine vya waliotenganishwa. Mimi nilibaki nimesimama na vikombe. Chini, pale walipokuwa wamesimama, palikuwa na maji kidogo, na kando yake alama za maji mengine yaliyokwisha kukauka, moja juu ya nyingine, ya watu waliotangulia.

Nikainua uso, nikakinga jua kwa mkono, nikasoma ukuta. Kisha nikamwambia karani, "Hapa palitakiwa kuandikwa ndoo."

"Pameandikwa ndoa," akanijibu. Alikuwa sahihi kabisa.

Bweni la Kuzibia ni jengo safi. Limezungukwa na bustani, na wageni huruhusiwa alasiri. Kila anayeingia hupewa godoro, blanketi na mshauri. Mshauri humuuliza: ndoa yenu inavuja wapi? Asipojua, huulizwa tena kesho yake. Idara ya Kuziba ina maofisa wengi, wote wapole, na imefanya uchunguzi mkubwa kuhusu ndoa. Bibi mmoja mkuu wa Idara, mwenye sauti ya kubembeleza, alinieleza matokeo. Walichogundua ni kwamba ndoa changa huvuja mara chache, na kwamba hatari huanza miaka michache baada ya harusi, vyombo vya harusi vinapochakaa. Ndoa za watu wa pwani, kwenye hewa ya chumvi, huvuja mapema zaidi. Za matajiri ni nadra kuvuja, kwa hiyo Idara ilikuwa imeandika kwamba mapenzi hudumu zaidi kwa watu wenye uwezo.

Mara kwa mara mume na mke hurudishwa mbele ya Mchunguzi ili ionekane kama wamezibika. Hubeba vyombo vyao vilevile walivyoingia navyo. Mara nyingi kengele hulia tena, na Idara hujua kwamba bado kuna jambo wanalificha.

Nilipomtembelea Bi. Zuwena mara ya kwanza alikuwa akiwafundisha wenzake kupika vitumbua.

"Huyo mshauri wangu ni kijana mzuri," akaniambia. "Lakini nimwambie nini? Nikamwambia Faki anakoroma. Akaandika. Akasema tuendelee kutafuta."

"Bi. Zuwena, ni ndoo iliyovuja."

"Najua ndoo inavuja, mwanangu. Mimi ndiye niliyelowa." Akashusha sauti. "Lakini mashine haisemi uongo."

"Mashine haikusema uongo. Mashine ilisema kumi na nne."

Aliyafikiria hayo, akageuza kitumbua, akasema nile kingali cha moto.

Siku iliyofuata nilikwenda Baraza la Herufi. Sheria ya Ukaguzini inamruhusu mtu yeyote, hata mgeni, kupendekeza mabadiliko ya ukuta. Mtu huandika pendekezo lake kwenye turubai na kulitundika barazani, kisha lazima wajumbe wawili wasio jamaa zake waliridhie, kisha Baraza zima lijadili. Nikaandika: *Katika onyo la kumi na nne, herufi a ibadilishwe kuwa o.*

Msajili Mkuu wa Herufi, Bwana Mselemu, alinialika ofisini kwake akanipa kahawa. Alikuwa mtu mzima mwenye kucha safi, na alizungumza kama anayeogopa kuamsha mtu.

"Bibi mgeni, pendekezo lako nimelisoma. Baada ya badiliko hilo mashine itafanya kazi tofauti?"

"La. Itafanya vilevile."

"Itaenda kasi zaidi?"

"La."

"Basi faida yake ni nini?"

"Watu watajua inachowaambia."

Akakizungusha kikombe chake. "Mimi nakuamini," akasema. "Nitakwambia tena jambo ambalo barazani sitalisema: nilipoangalia ile herufi niliona aibu, kwa sababu naipita kila siku. Lakini tukikiri hii, kesho mtu atauliza ile ya taa. Baba yangu aliizika taa yake ya mwisho kwa mikono yake, na mimi nilikuwepo, nikalia. Nimwambie nini sasa, kwamba alipaswa azungushe kijiti cha utambi tu?"

Nilikunywa kahawa yangu.

Pendekezo lilirudishwa mara ya kwanza kwa sababu nilikuwa nimeandika *ibadilishwe*, na Baraza hutumia *igeuzwe*. Nikaandika upya. Likarudishwa tena kwa sababu turubai langu lilikuwa na pindo upande wa kushoto. Nikashona upya.

Jioni moja, mkesha wa mjadala, nilikwenda bwenini. Bi. Zuwena hakuwa jikoni. Alikuwa ameketi kitandani, miguu chini, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari.

"Wamepata," akaniambia.

"Wamepata nini?"

"Ufa." Alizungumza bila kunitazama. "Mama yangu aliugua kwetu. Kwenye chumba hicho unacholala wewe. Mwishoni alikuwa hawezi kujizuia. Mimi nilikuwa sokoni kutwa, nisipouza hatuli, na Faki ndiye aliyekuwa akimfulia mashuka. Miaka, Mwanjaa. Hakuwahi kukunja uso. Mama alikufa akimwita Faki mwanawe. Watu wakiniuliza kwa nini nampenda yule mtu mrefu asiyesema, jibu langu lilikuwa hilo."

Akanyoosha shuka la kitanda kwa kiganja.

"Leo mshauri amenisomea maneno yake. Amesema kila siku aliyofua alitamani asiwe yeye. Amesema kuna siku aliomba mama afe."

Nilitaka kumwambia kwamba ni herufi moja tu. Nilifungua mdomo, nikaona jinsi neno hilo lingekuwa dogo mle chumbani, nikaufunga.

Mjadala ulifanyika asubuhi. Kabla ya pendekezo langu lilikuwepo la mafundi, lililoletwa na fundi mkuu, mzee Mwinjuma. Walitaka kung'oa tumbo zima la Mchunguzi na kuweka jingine. Wajumbe waliuliza kama ndani yake mna herufi yoyote. Fundi Mwinjuma akasema hamna. Likapita kabla hajakaa.

Kisha likaja langu, na wajumbe wakavuta viti karibu.

Mjumbe mwenye miwani alisema haoni ubaya wa o, ila maadamu mstari unaguswa, *inayovuja* nayo iwe *ivujayo*, ambayo ni fasaha zaidi. Mwingine akasimama kumpinga, akasema *ivujayo* ni lugha ya mashairi na ukuta si shairi. Walivutana hapo mpaka chakula kikaletwa. Baada ya chakula mjumbe wa tatu, aliyekuwa kimya wakati wote, aliniuliza moja kwa moja.

"Ikiwa onyo hili ni la ndoo, kwa nini mume na mke husimama pamoja?"

"Kwa sababu sheria yenu inawataka wasimame pamoja."

"Na sheria hiyo imetokana na nini?"

"Nadhani imetokana na ukuta."

"Basi," akasema, akakaa, akaonekana ameridhika.

Akasimama bibi mkuu wa Idara ya Kuziba. Hakuwa na hasira, alionekana ameumizwa. "Tumewapokea watu wengi," akasema. "Hata mmoja hatukumkuta bila ufa. Kama onyo lilikuwa la ndoo, nyufa hizi zote zilitoka wapi?"

Baraza liliguna kwa kukubali. Nilikiri moyoni kwamba swali lilikuwa zuri kuliko yote yaliyotangulia.

"Mliwauliza kila siku mpaka wakazipata," nikasema. "Niulizeni mimi kila siku ninachomchukia ndugu yangu. Nitakipata."

"Kwa hiyo ufa ulikuwapo."

"Na maji yalikuwa hayapiti hapo."

Bwana Mselemu aligonga meza taratibu. Akaamuru aitwe tena fundi mkuu, ambaye alikuwa amekwisha kufika mlangoni.

"Fundi Mwinjuma, onyo la kumi na nne linapima nini?"

"Maji, Bwana Msajili. Chini ya njia kuna kisahani. Tone likidondoka, kisahani kinashuka, kengele inalia."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu. Kisahani hakiwezi kujua zaidi."

"Hukuwahi kusoma ukuta unavyolieleza?"

"Mimi ni mtu wa ndani. Maneno ni ya nje." Akatazama huku na huku, akaona nyuso zetu. "Kwani ukuta unasemaje?"

Msajili akamsomea.

Fundi Mwinjuma alikuwa ameshika kitambaa cha kufutia mafuta, akaanza kujifuta kidole kimoja kimoja.

"Mke wangu yumo bwenini tangu masika ya mwaka juzi," akasema. "Siku ile nilikuwa tumboni mwa mashine natia grisi, kaka yangu akanisimamia. Kule ndani kengele zote hulia sawa. Jioni nikaambiwa ndoa yangu inavuja. Mimi nikaachwa nje kwa sababu ya kazi." Akaendelea kujifuta vidole ambavyo sasa vilikuwa safi. "Sikuuliza ni onyo la ngapi. Nilidhani kuna mtu ameona kitu ambacho mimi sikukiona. Nimekaa nyumbani nikikitafuta."

Hakuna mjumbe aliyekuwa na la kuongeza kuhusu *ivujayo*.

Kura zilipigwa. Herufi ikapitishwa kuwa o. Lakini hukumu aliyoisoma Bwana Mselemu ilikuwa na sehemu ya pili, iliyoandikwa na wanasheria wa Baraza: badiliko litaanza msimu ujao, na walioingia bwenini kwa herufi ya zamani watatoka kwa herufi ya zamani, yaani Mchunguzi anyamaze wanapopita. Idara ya Kuziba itabaki, na kuanzia msimu ujao itapokea ndoo.

Nilisimama bila kuomba ruhusa. "Mashine haitanyamaza! Watapita na ndoo zilezile zinazovuja!"

"Sheria inawataka waje na vyombo vilevile," Bwana Mselemu akasema, akikunja karatasi yake. Alikuwa haniangalii mimi. Alikuwa akimwangalia fundi. "Haijasema vije katika hali ileile."

Fundi Mwinjuma alikuwa amekwisha kutoka.

Nilimkuta ghalani na sufuria la lami, makaa, na bati kuukuu alilokuwa akilikata viraka. Ndoo zilikuwa zimepangwa mpaka darini, kila moja ikiwa na kibandiko chenye majina ya wenyewe. Nilishika kazi ya kuchochea makaa na kumpa viraka. Aliitambua mapema ndoo ya mkewe, kwa mpini wake uliofungwa kamba ya katani, akaiweka kando.

"Hutaanza na hiyo?" nikamuuliza.

"Nikianza na hiyo mkono utatetemeka," akasema. "Tuzibe za watu kwanza."

Tulifanya hivyo. Maofisa wa Idara walikuja kutuchungulia, wakarudi, wakaja tena. Mmoja wao, yule kijana aliyekuwa mshauri wa Bi. Zuwena, alivua koti akaanza kutujazia ndoo maji ili tuone kama zimeshika.

Kesho yake waliitwa wote. Walipita mbele ya Mchunguzi, mume na mke, mume na mke, ndoo zimejaa, na mashine ilikuwa kimya kama ukuta wake. Bibi mkuu wa Idara alisimama langoni akiwapa mkono, akiwaambia anafurahi kwamba juhudi zao zimezaa matunda. Wengine waliondoka mbio, maji yakiwamwagikia. Kuna waliotoka wakaagana hapohapo langoni, kila mtu akashika njia yake. Bwenini walikuwa wameambizana mengi. Mke wa fundi Mwinjuma, mama mfupi mwenye mvi, alipita peke yake na ndoo yake, kwa kuwa mwenzake hakuwa ameingizwa bwenini, akaenda moja kwa moja mpaka alipokuwa amesimama mumewe, akampiga kifuani kwa kiganja.

"Na wewe ndiye fundi!" akamwambia, akampiga tena, kisha akamwegemea palepale alipompiga.

Bi. Zuwena na Bwana Faki walikuwa karibu na mwisho. Walipita wakiwa na nafasi ya mtu mmoja kati yao. Mashine haikulia. Bibi mkuu wa Idara akanyoosha mkono.

"Hongereni. Mmezibika."

"Ndoo imezibwa," Bi. Zuwena akamwambia. Hakuupokea mkono. Aliitua ndoo chini, kando ya lango, akamgeukia mumewe. Nilikuwa karibu, nikataka kusogea, lakini nyuma yangu palikuwa na watu.

"Ulitamani usiwe wewe," akasema.

Bwana Faki alikuwa amekonda. Alitazama viatu vyake. "Waliniuliza kila siku. Nikatafuta kitu cha kuwapa."

"Sikuulizi walichokifanya wao. Nakuuliza wewe. Ni kweli?"

Niliona kwamba angeweza kusema si kweli, na kwamba mkewe angekubali, na wangekwenda nyumbani.

"Kweli," akasema.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na kila siku ukafua."

"Angefua nani mwingine?"

Bi. Zuwena alifunga kanga yake upya, ingawa haikuwa imefunguka.

"Hukuniambia."

"Ungelia."

"Ningelia, ndiyo!" Sauti yake ilipanda, watu wakageuka. "Ningelia, nikamaliza, kisha siku moja moja nisingekwenda sokoni, nikafua mimi. Alikuwa mama yangu, Faki. Uliniacha nikikusifia kwa watu mpaka nikasahau kukuuliza kama umechoka."

"Nilikuwa nimechoka," Bwana Faki akasema.

Hilo ndilo lililomfanya alie, si yale mengine. Alilia amesimama wima, bila kujifunika, na mumewe hakumgusa. Nadhani hakujua kama ameruhusiwa. Watu wa foleni waliwapita pande mbili. Karani wa lango aliutazama ukuta, kwa mazoea, akaona hapana kitu kinachohusu jambo lile, akatazama pengine.

Alipomaliza, Bi. Zuwena alijifuta uso kwa pindo la kanga. Akainama achukue ndoo, Bwana Faki naye akainama, mikono yao ikakutana kwenye mpini.

"Shika upande wako," mke akasema.

Wakainyanyua hivyo, mmoja huku na mmoja huku, jambo ambalo ni gumu kwa watu wanaopishana urefu. Maji yaliwamwagikia miguuni kila hatua. Mimi nilikuwa na mzigo wangu nyumbani kwao, na vikombe vyao vingali kwangu, lakini niliona si saa ya mgeni kuingia nyumba ile, nikakaa sokoni mpaka alasiri. Walipokuwa wakienda niliwasikia kwa mbali bado wakizungumza, mke zaidi, kisha yule mrefu, kisha wote wawili kwa pamoja.